Maisha ya John Milne, Mchunguzi wa Matetemeko ya Ardhi

Kila asubuhi unaposimama mstarini mbele ya shule yako, huifikirii ardhi iliyo chini ya miguu yako. Miti hupepea, mawingu husogea, mto hutiririka. Lakini ardhi tumezoea kuiona imetulia. Ndiyo maana mtu anayekutwa na tetemeko la ardhi kwa mara ya kwanza hushikwa na hofu isiyofanana na hofu nyingine. Akikimbia mvua, huingia nyumbani. Akikimbia moto, hutoka nje. Ardhi yenyewe inapotikisika, atakimbilia wapi?

Watu wa kale walijiuliza ardhi hutikiswa na nini. Huko Japani wazee walisimulia habari za samaki mkubwa, jamii ya kambare, alalaye chini ya nchi. Akijigeuza, nyumba huanguka. Usiwacheke wazee hao. Angalau walikwisha kutambua kwamba chanzo kiko chini, mahali pasipoonekana kwa macho. Kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta njia ya kupaona mahali hapo bila ya kufika. Mmoja wa watu walioifanya kazi hiyo kwa bidii kubwa alikuwa John Milne.

Milne alizaliwa tarehe 30 Desemba 1850 katika mji wa Liverpool, Uingereza. Alisomea elimu ya miamba na uchimbaji wa madini, kisha akafanya kazi ya kutafuta madini katika kisiwa cha Newfoundland, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Hakusomea matetemeko ya ardhi, kwa kuwa wakati ule somo hilo lilikuwa bado changa mno. Nchi ya kwao yenyewe hutetemeka kwa nadra, na hutetemeka kidogo tu.

Mwaka 1875 serikali ya Japani ilimwajiri awe mwalimu wa elimu ya miamba na madini katika chuo cha uhandisi mjini Tokyo. Wasafiri wengi wa siku zile walikwenda Japani kwa meli. Milne, ambaye bahari ilikuwa ikimchafua tumbo, aliamua kupita nchi kavu. Alivuka Ulaya, Urusi na Siberia, akapita Mongolia na Uchina katikati ya majira ya baridi kali, mara kwa farasi, mara kwa ngamia, mara kwa magari yaburutwayo juu ya theluji. Safari hiyo ilichukua miezi mingi, naye aliwasili Tokyo mwezi Machi 1876. Inasimuliwa kwamba usiku wake wa kwanza katika mji huo ardhi ilitetemeka, kana kwamba inamkaribisha.

Muda si mrefu Milne aliona kwamba jambo lililokuwa ajabu kwake lilikuwa la kawaida kwa wenyeji wake. Vyombo viligongana kabatini, taa ikabembea, kisha kila mtu akaendelea na kazi yake. Tarehe 22 Februari 1880 lilitokea tetemeko lenye nguvu zaidi, likaangusha mabomba ya moshi katika mji wa bandari wa Yokohama. Milne na walimu wenzake, pamoja na wataalamu wa Kijapani, walikutana mwaka huo huo wakaunda chama cha kuchunguza matetemeko ya ardhi. Hicho kilikuwa chama cha kwanza cha namna hiyo duniani.

Jambo la kwanza walilohitaji ni chombo. Mtu aliyetishika hawezi kuaminiwa kueleza ardhi ilisogea kiasi gani. Mmoja atasema shubiri moja, mwingine atasema hatua nzima. Tena, ukitaka kupima jinsi kitu kinavyosogea, unahitaji kitu kingine kilichotulia ulinganishe navyo viwili. Lakini ardhi inapotikisika, nyumba, meza, rula na mpimaji mwenyewe hutikisika pamoja nayo. Utapata wapi kitu kilichotulia?

Fanya jaribio hili, nawe utapata jibu. Funga jiwe zito kiasi kwenye uzi mrefu, ulishike lining'inie mpaka litulie kabisa. Sasa usogeze mkono wako upande mmoja na kuurudisha kwa haraka. Utaona kwamba jiwe linabaki karibu mahali pale pale, ingawa mkono umekwenda na kurudi. Kitu kizito hakipendi kuanza mwendo kwa ghafla. Ndiyo sababu abiria aliyesimama ndani ya basi huangukia nyuma basi linapoondoka kwa kishindo. Jiwe lililoning'inizwa namna hiyo huitwa pendulamu. Mkono wako ndio ardhi.

Milne pamoja na walimu wenzake wawili, James Alfred Ewing na Thomas Gray, walitumia kanuni hiyo. Walitengeneza pendulamu inayolala kama bawa la mlango, iwezayo kuzunguka kidogo kushoto na kulia. Kwenye pendulamu walifunga sindano, na ncha ya sindano ikagusa kioo kilichopakwa masizi, kikizungushwa na mtambo wa saa. Ardhi ikiwa imetulia, sindano ilichora mstari mnyofu. Ardhi ikitikisika, kioo kilikwenda pamoja na ardhi lakini pendulamu ikabaki nyuma, na mstari ukawa wenye meno kama msumeno. Chombo hicho tutakiita kipima-tetemeko. Watu watatu hao waliulizana mara nyingi ni nani aliyebuni sehemu ipi. Ukweli ni kwamba kila mmoja alitoa sehemu yake.

Chombo kimoja hakikumtosha Milne. Alitaka kujua matetemeko ya Tokyo hutoka upande gani, na njia aliyoitumia ilikuwa rahisi mno. Alituma mafungu ya kadi za posta kwa maofisa wa miji iliyouzunguka mji mkuu, akawaomba kila juma wamrudishie kadi moja na kueleza kama ardhi imetetemeka kwao au la. Kadi zilipofika alizipanga juu ya ramani. Alitambua kwamba matetemeko mengi hayakuwa yakitoka milimani kwenye volkano, kama watu wengi walivyodhani, bali upande wa mashariki, pwani na baharini. Kwa gharama ya kadi za posta alikuwa ameanza kutenganisha habari za volkano na habari za matetemeko.

Vilevile Milne na Gray walitengeneza matetemeko madogo kwa mikono yao. Waliangusha kitu kizito sana kutoka juu, na nyakati nyingine walilipua baruti kali ardhini, kisha wakatazama vyombo vilivyokuwa vimepangwa mbali na mahali pale. Hapo waligundua kwamba mshindo husafiri ndani ya ardhi kwa mawimbi, na kwamba mawimbi yenyewe si ya aina moja.

Mawimbi hayo unaweza kuyaelewa kwa mchezo. Wapange wenzako kumi mstarini, kila mmoja akiweka mikono mabegani mwa aliye mbele yake. Msukume kidogo yule wa nyuma kabisa. Msukumo utapita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine mpaka utokee mbele, ingawa hakuna aliyeuacha mstari. Hivyo ndivyo lilivyo wimbi la kwanza la tetemeko: miamba husukumana na kuvutana kuelekea kule kule wimbi linakokwenda. Sasa chukua kamba ndefu, mwenzako ashike ncha moja nawe utikise nyingine kwa upande. Mkunjo utakimbia kwenye kamba, ilhali kamba yenyewe inakwenda kushoto na kulia tu. Hilo ni wimbi la pili. Wimbi la kwanza hupita katika mawe na hata katika maji. Wimbi la pili hupita katika vitu vigumu tu, kwa sababu maji hayawezi kushikana na kuvutana kwa upande kama kamba. Nyuma ya hayo mawili huja mawimbi yanayotambaa juu ya uso wa ardhi. Hayo huenda polepole zaidi, na mara nyingi ndiyo yanayoangusha nyumba.

Karibu na uso wa ardhi, wimbi la kwanza huenda yapata kilometa 6 kwa sekunde moja, na wimbi la pili yapata kilometa 3 na nusu. Yakitoka pamoja hayawezi kufika pamoja. Unapoona umeme wa radi na kusubiri ngurumo, unajua kwamba radi iko mbali ikiwa ngurumo imechelewa. Kwa tetemeko ni vivyo hivyo. Ikiwa tetemeko halikutokea mbali sana, kila sekunde moja ya kuchelewa kwa wimbi la pili ni sawa na umbali wa kilometa 8 hivi. Likichelewa sekunde 10, tetemeko lilitokea umbali wa kilometa 80. Lakini upande gani? Kituo kimoja hakiwezi kukuambia kwa hesabu hii. Chukua bikari na ramani, uchore duara kukizunguka kituo cha kwanza, jingine kukizunguka cha pili, na jingine kukizunguka cha tatu, kila duara kwa umbali wake. Mahali maduara matatu yanapokutana ndipo penye kitovu cha tetemeko. Kumbuka hesabu hiyo, kwa maana ndiyo iliyomfanya Milne baadaye avitafute vituo vingi.

Katika miaka hiyo Milne alifunga ndoa. Mwaka 1881 alimwoa Tone Horikawa, binti wa mkuu wa hekalu la Kibudha la mji wa Hakodate, kaskazini mwa Japani.

Asubuhi ya tarehe 28 Oktoba 1891, wakati watu wengi walipokuwa ndani ya nyumba zao, tetemeko kubwa sana liliipiga tambarare iliyo karibu na miji ya Gifu na Nagoya. Watu zaidi ya 7,000 walikufa. Nyumba zaidi ya 100,000 zilibomoka, na katika miji mingi moto wa majikoni uliteketeza kilichosalia. Milne alikwenda kutazama. Nyumba za mbao za wenyeji, zenye mapaa mazito ya vigae, zilikuwa zimelala chini mstari kwa mstari. Lakini kitu kilichowashtua wahandisi ni kwamba majengo mapya ya matofali, yaliyojengwa kwa mtindo wa Ulaya na kusifiwa kuwa ya kisasa, nayo yalikuwa yamekuwa kifusi. Daraja la reli la chuma lililovuka mto Nagara lilikuwa limeanguka, wakati ngome ya kale ya Nagoya ilikuwa bado imesimama. Waalimu waliokuja kufundisha iliwabidi wajifunze upya.

Katika bonde la Neo palionekana jambo jingine. Ardhi ilikuwa imepasuka, na ufa ulikwenda kilometa nyingi, zipatazo 80, ukivuka vilima na mashamba bila kujali. Katika kijiji cha Midori upande mmoja wa ufa ulikuwa juu ya mwingine kwa meta 6, yaani zaidi ya kimo cha nyumba ya kawaida. Barabara iliyokuwa moja sasa ilikuwa vipande viwili visivyotazamana, kwa sababu pande mbili zilikuwa zimesogea pia kushoto na kulia.

Mtaalamu wa Kijapani, Bunjiro Koto, aliutazama ufa huo akatoa rai iliyobadilisha mawazo ya wengi. Watu wa kabla yake walidhani kwamba tetemeko ndilo linalopasua ardhi. Koto alisema ni kinyume chake, kwamba kuteleza kwa miamba kwenye ufa ndiko kunakozaa tetemeko. Leo tunajua kwamba alikuwa karibu sana na ukweli. Chukua kijiti kikavu ukikunje polepole. Kwanza kitapinda bila kelele, huku kikihifadhi nguvu unazokitia. Kisha kitavunjika ghafla, na utauhisi mshtuko viganjani. Miamba nayo husukumwa na ganda la dunia lisogealo sentimeta chache tu kwa mwaka. Hupinda kwa miaka mingi, pengine mamia ya miaka, mpaka siku inaposhindwa kuvumilia. Hapo pande mbili za ufa huteleza ghafla, na nguvu zilizohifadhiwa hutawanyika kwa mawimbi.

Baada ya msiba huo serikali ya Japani iliunda kamati ya kuchunguza matetemeko, na Milne akawa mmoja wa wajumbe wake. Hakuna hata leo mtu awezaye kutaja siku na saa ambayo tetemeko litatokea, kwa hiyo walijishughulisha sana na ujenzi. Milne mwenyewe aliwahi kujenga kijumba juu ya mipira ya chuma, ili ardhi iteleze chini yake bila kukitikisa. Kijumba hicho kilistahimili matetemeko, lakini upepo ulipovuma kikasogea! Akapunguza ukubwa wa mipira mara kwa mara, mpaka akaishia kutumia vipande vidogo kama punje za risasi. Leo majengo makubwa katika nchi mbalimbali husimamishwa juu ya mito ya mpira na chuma kwa wazo lilo hilo.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1883 Milne alikuwa ameandika kwamba tetemeko kubwa likitokea popote, chombo kizuri kingeweza kulipokea mahali pengine popote duniani. Wakati ule hapakuwa na ushahidi. Ushahidi ulikuja mwezi Aprili 1889, tena bila kutafutwa. Kijana mmoja Mjerumani, Ernst von Rebeur-Paschwitz, alikuwa ameweka pendulamu katika mji wa Potsdam kwa ajili ya uchunguzi mwingine kabisa. Siku moja pendulamu hiyo ilichezacheza bila sababu. Baadaye alisoma katika jarida habari za tetemeko lililotokea Japani siku ile ile, akalinganisha saa, akaelewa. Mawimbi yalikuwa yamepita ndani ya dunia kutoka Tokyo hadi Ujerumani. Kijana huyo alitamani kuona vituo vya kupimia vikienea duniani kote, lakini alikufa mwaka 1895 akiwa na umri wa miaka 34 tu.

Mwaka huo huo ulikuwa mchungu kwa Milne pia. Mwezi Februari nyumba yake mjini Tokyo ilishika moto. Vyombo vyake viliteketea, vitabu vikateketea, na kumbukumbu za uchunguzi wa miaka mingi zikawa majivu kwa usiku mmoja. Fikiri kama madaftari yako yote tangu darasa la kwanza yangechomwa. Yake yalikuwa ya karibu miaka ishirini, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa na nakala ya vitu vingi kati ya hivyo. Miezi michache baadaye aliondoka Japani pamoja na mkewe Tone na msaidizi wake Mjapani, Shinobu Hirota. Mfalme wa Japani alimtunukia nishani na malipo ya uzeeni.

Mtu mwenye umri wa miaka 44 aliyepoteza kazi yake yote angeweza kupumzika. Milne alihamia Shide, kijiji cha kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, akasimamisha nguzo imara ya kuwekea vyombo na kuanza upya. Mahali hapo palikuwa kimya, ardhi yake haitetemeki. Hilo ndilo alilolitaka, kwa kuwa sasa alikuwa akisikiliza matetemeko ya nchi za mbali. Badala ya sindano na masizi alitumia mwali mwembamba wa taa ulioangukia karatasi ya picha. Kila asubuhi karatasi iliposafishwa, palionekana kama kuna nchi iliyotikisika usiku, hata kabla magazeti hayajapata habari. Nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari zilipokatika, aliweza kuonyesha kwamba zilikatwa na tetemeko wala si na adui.

Kwa msaada wa wanasayansi wa Uingereza alituma vyombo vya aina moja katika nchi nyingi: Kanada, Uhindi, Australia na New Zealand. Katika Afrika vilifika Misri na Rasi ya Tumaini Jema, na pia katika kisiwa cha Mauritius. Kimoja kilipelekwa hata kwenye barafu ya Antaktika. Vituo vilimwandikia barua zenye saa na dakika, naye akachapisha orodha na kuzirudisha kwa wote. Vyombo hivyo havikuwa bora kuliko vyote. Pendulamu ya Milne ikishaanza kubembea haikujua kunyamaza, na Wajerumani na Warusi walitengeneza vyombo vizuri zaidi. Lakini chombo kizuri kilicho peke yake hakiwezi kuchora maduara matatu. Kwa kutumia habari za vituo kama hivyo, mwaka 1906 mwanasayansi Richard Dixon Oldham alitambua kwamba katikati ya dunia kuna kiini ambacho mawimbi hupita kwa namna tofauti.

Tarehe 13 Desemba 1910 ilikuwa zamu ya nchi yetu. Karibu na ziwa Rukwa, katika Bonde la Ufa, miamba iliteleza na kuzaa tetemeko ambalo leo linakadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kupimwa katika Afrika. Tazama ramani yako, uone jinsi maziwa Tanganyika, Rukwa na Nyasa yalivyo marefu na membamba. Yamelala ndani ya nyufa za ganda la dunia, na bonde hilo lingali likipanuka polepole hata leo. Siku ile nyumba zilipasuka kuta, na watu wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki waliuhisi mtikisiko. Wakati huo huo mawimbi yaliteremka chini ya bara zima, yakapita chini ya jangwa na bahari, na baada ya dakika chache vipima-tetemeko vya Ulaya vilianza kuchora meno ya msumeno. Ni kwa sababu ya michoro hiyo kwamba wataalamu wameweza kulikadiria tetemeko hilo, ingawa karibu na Rukwa hapakuwa na chombo hata kimoja.

John Milne alifariki huko Shide tarehe 31 Julai 1913. Tone alirudi kwao Japani. Orodha ya matetemeko haikukoma: ilihamia Oxford, na baada ya hapo ikapokelewa na kituo cha kimataifa kilichoko Uingereza, ambacho hupokea habari kutoka vituo vya dunia nzima, vya Afrika Mashariki vikiwemo.